Kompyuta ya zamani ikijizima yenyewe, mlinde mtoto

Mzazi wa Simbo, Kigoma, anayetoa kompyuta ya zamani stoo ili watoto wajifunze kuchapa anaweza kukuta inajizima na kujiwasha kabla haijawaka vizuri. Aanze na mambo ya nje. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Taa zikififia, huenda umeme ni mdogo. Plagi ikilegea, abadilishe soketi. Kisha achomoe waya na kufuta vumbi kwenye matundu ya feni.

Ikiendelea, huenda kapasita zimevimba: ampelekee fundi. Boksi la pawasaplai lisifunguliwe nyumbani, wala mtoto asilichokoe. Hata plagi ikishachomolewa, umeme hubaki ndani kwa muda, na shoti yake inaweza kuua.