Bastola chini ya mto si ulinzi

Bukavu: Tangu M23 waingie mjini Februari 2025, wakaaji wengi wa Ibanda wanalala na hofu ya wezi wenye silaha. Wako wanaosema: afadhali bastola ndogo chini ya mto. Wanajidanganya.

Bastola ndogo ndiyo inayokwama upesi. Mkono ukilegea kwa woga, ganda la risasi linanasa. Jasho la kiunoni, vumbi na unyevu vinaiharibu. Tena risasi iliyokataa inaweza kulipuka baada ya sekunde chache, mwenyewe akiichungulia. Nyuma ya ukuta wa mbao wanalala watoto, pengine wa familia ya wakimbizi iliyopokelewa hapo.

Umoja wa Mataifa uliripoti watoto waliookota silaha katika kambi iliyoachwa na jeshi, kisha wakauawa na M23. Silaha haikuwalinda.

Wa kulaumiwa kwanza ni wenye mamlaka wanaoacha mitaa bila ulinzi. Anayetaka kurudisha silaha leo anaogopa kupigwa au kufungwa. Basi waweke mahali pa kuipokea bila kumuuliza mtu jina. Na wazazi waseme kila siku: mtoto akiona silaha, asiguse, aite mkubwa.