Kope za Mtoto Zikiwasha, Usikimbilie Krimu

Mtoto akijikuna kope hadi zikawa nyekundu na kutoa magamba, wazazi wengi huchukua krimu yoyote iliyobaki nyumbani. Subiri kwanza. Ngozi ya kope ni nyembamba sana, hudhurika upesi. Krimu yenye steroidi ikitumika bila daktari inaweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu uoni.

Mara nyingi chanzo ni mzio: wanja, sabuni ya manukato, hata rangi ya kucha inayofikishwa machoni na vidole. Acha vitu hivyo, osha kwa maji safi, kanda kwa kitambaa baridi.

Kipele kinachouma huenda ni chokea: kikande kwa maji ya uvuguvugu, usikiminye. Jicho likivimba sana au mtoto asipoona vizuri, wahi hospitali.