Karanga zishindane na soda ya saa kumi

Ifikapo saa kumi alasiri njaa humkuta fundi gereji, mama muuza mitumba na karani wa ghala wakiwa bado kazini. Wengi hukimbilia soda na andazi. Soda moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 40, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 50 hivi kwa siku nzima, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Andazi nalo ni unga mweupe na mafuta; kabla ya magharibi tumbo linadai tena.

La kushangaza, hata mkulima wa karanga hununua soda hiyohiyo siku ya mnada, gunia lake likiwa pembeni. Robo ya uzito wa karanga ni protini, nazo hushibisha kwa muda mrefu. Konzi moja yatosha, kwani mafuta yake ni mengi.

Hata hivyo, soko hilo halitaki ujanja. Karanga zikirundikwa kabla ya kukauka huota ukungu wenye sumukuvu, inayodhuru ini, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, safari hiyo ikiwa kwenye mahindi. Zianikwe juu ya turubai, si udongoni, na zilizosinyaa au kuota ukungu zitupwe, zisipelekwe mashine ya siagi.

Muuzaji mwenye karanga safi hana haja ya mtaji mkubwa: sinia, vifuko na kona yenye watu. Viazi lishe vya kuchemsha vinaweza kukaa kwenye sinia hilohilo.