Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge: kwanza hesabu za mwaka jana, ndipo za mwaka huu

Mheshimiwa Spika,

Nakuandikia nikiwa mhasibu mstaafu wa halmashauri moja ya wilaya. Ombi langu ni moja, na liko ndani ya uwezo wa kiti chako: ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ijadiliwe kabla Bunge halijapitisha bajeti mpya, isisubiri Novemba.

Niruhusu nianzie kijijini, maana huko ndiko nilikoyaona madhara ya ratiba tuliyonayo.

Palikuwa na boma la zahanati. Wananchi walilijenga wenyewe. Kila kaya ilitoa mchango, vijana wakafyatua tofali na kuzichoma, kina mama wakasomba maji kwa ndoo kichwani tangu msingi hadi kuta zilipofika usawa wa lenta. Hapo wakaishia, kwa kuwa makubaliano yalikuwa hivyo: wananchi wakifika lenta, Serikali inamalizia paa, milango, sakafu na vyoo. Fedha za kumalizia ziliombwa, zikaingia kwenye makisio ya mkoa wetu, na bajeti ikapita bungeni.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa akija ofisini karibu kila mwezi na kauntabuku lake kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ile hela yetu imeingia?"

"Bado, mzee."

Alikuwa akifungua ukurasa uleule, anaandika tarehe, na mbele yake anaandika: bado. Siku moja aliliacha daftari wazi mezani akitafuta miwani, nikaona neno hilo limeshuka kutoka juu ya ukurasa hadi karibu na mwisho. Sijausahau ukurasa ule.

Fedha ziliingia tarehe 26 Juni. Zilibaki siku 4 mwaka wa fedha ufungwe, na katika siku 4 huwezi kumpata fundi kwa utaratibu wa manunuzi, ukasaini mkataba, ukanunua bati, ukakagua kazi, ukalipa. Usiku wa tarehe 30 tulikesha ofisini tukihangaika na malipo mengine yaliyochelewa vilevile. Mfumo ulipofungwa, fedha za zahanati zilirudi Hazina. Mwaka uliofuata tuliliingiza boma lilelile kwenye makisio, nalo likapita tena. Kwa maneno mengine, Bunge liliidhinisha zahanati moja mara mbili, na kwa miaka yote miwili ukuta haukuongezeka hata tofali moja. Mibono ilikuwa imeota mahali palipopangwa kuwa chumba cha kujifungulia.

Wakaguzi waliliona jambo hili. Nalijua hilo kwa sababu mimi ndiye niliyekaa nao nikajibu hoja yao ya fedha kupokelewa kwa kuchelewa na kutotumika. Waliandika vizuri, wakataja kiasi na tarehe. Swali linalonisumbua hadi leo ni hili: maandishi yale yalifika lini mikononi mwa mbunge, naye alikuwa na nafasi gani ya kuyatumia?

Mheshimiwa Spika, ripoti yenyewe haichelewi. Mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na sheria inampa Mkaguzi Mkuu miezi 9, hivyo anaikabidhi kwa Rais mwishoni mwa Machi. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, Rais anaagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku 7 tangu kikao cha kwanza cha mkutano unaofuata. Mkutano huo ndio mkutano wa bajeti, unaoanza Aprili. Kwa hiyo ripoti inatua mezani wakati uleule mawaziri wanapoanza kuomba fedha. Kinachochelewa ni mjadala.

Chukua mwaka 2021/22. Hesabu zilifungwa Juni 2022, ripoti ikakabidhiwa Machi 2023 na kuwekwa mezani Aprili. Magazeti yaliichambua, vijiwe vikaizungumza. Juni 2023 Bunge likapitisha bajeti ya shilingi trilioni 44.39. Taarifa za kamati kuhusu ripoti ile zikaja kujadiliwa ukumbini Novemba 2023. Wakati huo taasisi zenye hoja zisizojibiwa zilikuwa zimeshapewa mafungu mapya na kuyatumia kwa miezi minne. Mbunge angesema nini Novemba ambacho kingebadilisha chochote katika mafungu hayo? Tangu hapo bajeti imepanda hadi trilioni 49.35, kisha trilioni 56.49 kwa mwaka 2025/26. Kadiri mfuko unavyokua, ndivyo kuchelewa huku kunavyotugharimu zaidi.

Najua mikono ya mbunge imebanwa. Ibara ya 99 haimruhusu kuongeza matumizi kwa hoja yake mwenyewe. Bunge zima likiikataa bajeti, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja, na kila mmoja anayeketi mle ndani analikumbuka hilo kura inapopigwa kwa kuita majina. Ndiyo maana nasema nguvu iliyobaki ni kumbana waziri kwa hoja, na hoja isiyo na karatasi mkononi haimbani mtu.

Tumeyaona haya kwenye Kamati ya Matumizi. Mbunge anasimama, anasema hajaridhika, anashika shilingi ya mshahara wa waziri. Wenzake wanamuunga mkono, waziri anainuka, anaeleza kwa upole kwamba Serikali ni sikivu na jambo hilo linafanyiwa kazi. Mbunge anarudisha shilingi. Muda unakwisha, gilotini inashuka, vifungu vilivyobaki vinapita kwa mkupuo. Mimi naiheshimu sana shilingi ile. Ni desturi nzuri, inampa mtu mmoja wa jimbo la mbali haki ya kuisimamisha wizara nzima kwa dakika chache. Lakini fikiria angekuwa ameshika shilingi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali inayosema: wizara hii iliidhinishiwa kiasi hiki, ilipokea kiasi hiki tarehe fulani, na hiki hakina hati za malipo. Waziri asingeweza kujibu kwa ahadi.

Nguvu hiyo tumewahi kuiona. Aprili 2012 hesabu za Serikali zilijadiliwa bungeni kabla ya bajeti. Wabunge wakachachamaa hadi wakakusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Hoja ile haikufika mbali, lakini Mei mwaka huohuo Rais Kikwete alilipanga upya baraza lake na mawaziri 6 wakaachwa, akiwemo wa Fedha. Siombi mawaziri waondoke kila mwaka. Nakumbusha tu kwamba mjadala ukiwahi, Serikali inasikia.

Watakaokushauri watasema muda hautoshi. Kamati za hesabu zinapaswa kuwaita maofisa masuuli mmoja mmoja, kupokea majibu, kuhakiki nyaraka, na nyingine kutembelea miradi, kazi ambayo haiishi kwa wiki chache. Wanasema kweli, na mimi niliyewahi kuandaa majibu hayo najua yanavyochosha. Ila hakuna anayedai ripoti yote imalizwe Aprili. Hoja kubwa za kila wizara zinaweza kuchukuliwa kwanza, kamati ikaziandikia taarifa fupi, na taarifa hiyo ikasomwa siku wizara inapoomba fedha. Uchambuzi mpana uendelee hadi Novemba kama kawaida.

Watasema pia ratiba imezoeleka. Lakini hadi 2012 wizara zilikuwa zikijadiliwa hadi Agosti, wakati mwaka wa fedha umeshaanza Julai na Serikali inatumia fedha kwa kibali cha muda. Mwaka 2013, chini ya Spika Anne Makinda, mzunguko ukabadilishwa: wizara zijadiliwe kuanzia Aprili na kila kitu kimalizike kabla ya 30 Juni. Mwaka huohuo ndipo Kamati ya Bajeti ilipoanza kazi. Lilikuwa badiliko kubwa kuliko hili ninaloliomba, na halikuhitaji kugusa Katiba.

Jirani zetu Kenya wameliandika hili kwenye Katiba yao ya 2010: mkaguzi atoe ripoti ndani ya miezi 6, Bunge liijadili ndani ya miezi 3. Kwa vitendo wao nao huchelewa. Hata hivyo mwananchi wao ana tarehe ya kuwadai nayo.

Sisi tunayo Ibara ya 63. Inasema Bunge linaweza kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa mkutano wa kila mwaka wa bajeti. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nasimama kwenye neno utekelezaji. Hotuba za mawaziri hutaja jumla ya fedha zilizopokelewa hadi Machi na asilimia yake. Kwa jumla hiyo, boma letu lisingeonekana. Tunahitaji jedwali la kila mradi lenye safu nne: kilichoidhinishwa, kilichotolewa, tarehe kilipotolewa, na kilichotumika. Takwimu hizo zimo kwenye mifumo ya Serikali. Niliziingiza mimi mwenyewe kwa miaka mingi, na vijana walioshika nafasi yangu wanaziingiza leo.

Mzee yule alifariki kabla zahanati haijaezekwa. Imeezekwa baadaye, inafanya kazi, na mwaka juzi mjukuu wake alijifungulia pale. Kauntabuku liko kwa mwanawe. Nimeambiwa ukurasa wa bado haukuchanwa.

Mheshimiwa Spika, wewe ndiye unayeongoza vikao vinavyopanga shughuli za Bunge na kuzitazama Kanuni zake. Nakuomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya vikao hivyo kabla ya mkutano ujao wa bajeti, na uamuzi wowote utakaofikiwa, hata kama ni wa kukataa, utangazwe pamoja na sababu zake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhasibu mstaafu