Figo hazifundishwi kwa michezo ya simu

Nimekuwa kimya, zamu za usiku hapa Riyadh zimenikamata vibaya. Lakini hili limenikaa rohoni na leo nalitoa.

Kuna mtindo umeingia vyuoni. Wakubwa wanaona wanafunzi wa famasia wanasinzia kwenye somo la figo, basi wanataka kulichangamsha: maswali ya kushindana kwenye simu, alama, video za katuni. Mimi napinga! Somo linawalaza kwa sababu ndani yake hakuna mtu. Umejaa mchoro na kanuni tu, hata ukiutia muziki ni mchoro bado.

Mimi niko kitengo cha kusafisha damu. Mgonjwa anakaa kwenye mashine kama saa 4, mara 3 kwa wiki, sindano 2 nene mkononi. Waliletwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mmoja aliitaja kwa kichwa kanuni ya Cockcroft na Gault ya 1976, ile ya kukadiria figo zinachuja kiasi gani ili ujue kupunguza dozi. Hakukosea hata herufi. Nikamwambia haya, sasa muulize mzee huyu amekula nini tangu juzi. Kimya! Mzee mwenyewe akacheka, akajibu: tende 7 kila asubuhi, na kahawa. Tende zina potasiamu nyingi, figo zilizochoka haziwezi kuitoa, na ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Kijana akakodoa macho. Kuanzia hapo aliuliza maswali mpaka nikachoka mimi.

Kabla ya kuja huku nilikuwa Jeddah, na huko msimu wa Hija ni darasa tosha. Hujaji mzee anakuja na mfuko wa nailoni umejaa vidonge. Kuna cha presha, jamii ya enalaprili, alichopewa kliniki moja. Kuna cha kukojoza maji, kutoka kliniki nyingine. Magoti yakiuma kwa kutembea anaongeza diklofenaki aliyojinunulia mwenyewe. Kila kimoja kina kazi yake. Vikikutana vitatu kwa mtu aliyekaukiwa maji, figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache, na mwaka 2024 joto la Makka lilipita nyuzi 51! Daktari wa kwanza alijua kimoja, wa pili kimoja. Anayeweza kuufungua mfuko wote ni mfamasia. Sasa mchezo gani wa simu utamfundisha kusema, "Mzee, naomba nione mfuko wako," bila kumtia aibu?

Ninachotaka ni kila mwanafunzi akabidhiwe mgonjwa mmoja kwa muhula mzima. Ajue anakula nini, anameza nini, nani anamnunulia. Wataniambia wagonjwa wana siri zao na manesi tuna kazi nyingi. Kweli tunazo, miguu yangu ni shahidi. Mgonjwa aombwe ruhusa, na anayekataa aachwe. Lakini mtu aliyefungwa kwenye kiti saa 4 mara nyingi anatamani wa kuongea naye.

Na kwetu je? Muhimbili walipopandikiza figo kwa mara ya kwanza, Novemba 2017, nilishangilia kama mpira umeingia golini. Halafu mtu anatoka hapo nje, anaingia duka la dawa, anasema mgongo unauma, anapewa diklofenaki kama karanga, bila kuulizwa kama ana presha. Wadogo zangu mnaosoma famasia, msisubiri mtaala ubadilike. Nendeni wodini mkaombe kukaa na mgonjwa.

Shangazi, najua wajukuu wanakusomea hapa. Ijumaa nikipiga simu uwe na ule mfuko wa juu ya kabati mkononi, unitajie dawa moja moja, pamoja na zile za magoti ulizosema umeacha. Ya presha usiiache! Nataka kuyajua majina tu.