Bila betri si bila stima

Jamani, nimechoka kusikia eti vihisi visivyo na betri havihitaji stima. Hebu tuambiane ukweli.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha kifaa kinachotuma data kwa mtindo wa LoRa bila kuzalisha mawimbi yake chenyewe. Kinaakisi tu mawimbi ya redio ya mtambo mwingine, kama kioo kinavyorudisha mwanga wa jua. Ndiyo maana chipu waliyoisanifu ilihitaji mikrowati 9.25 tu. Kwa hilo nawavulia kofia.

Lakini kioo gizani kina faida gani? Mtambo unaorusha hayo mawimbi unakula stima. Tena zile kilomita 2.8 zinazotangazwa zilipatikana kifaa kikiwa kando ya mtambo. Kilipowekwa mahali popote kati ya mtambo na kipokezi, viwili hivyo viliachana kwa mita 475.

Kwa hivyo wewe mkulima ambaye stima haijafika kwako, ukiletewa kihisi "bila betri", uliza kwanza: mtambo utasimama wapi, na stima yake italipwa na nani? Muuzaji akikosa jibu, usitoe pesa.