Jino bovu si ushahidi wa uvivu

Anayeufahamu Mtaa wa Biashara mjini Mombasa anajua kwamba leso hainunuliwi kwa rangi yake pekee. Mnunuzi hutazama pindo na mji, kisha akalisoma jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa upande wa chini. Ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, ambao leso zake hutambulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", umo katika biashara hiyo tangu 1887. Kwa vizazi kadhaa, mwanamke asiyeweza kumkabili mume, mkwe au jirani kwa ulimi amelivaa neno lake na kupita nalo. Jamii yenye desturi hiyo inaelewa vyema kwamba yapo mambo ambayo kinywa hakithubutu kuyatamka.

Ajabu ni kwamba ufahamu huo hutuponyoka tumwonapo kijana mwenye meno mabovu. Papo hapo humwita mchafu au mvivu. Darasani wenzake humcheka, na mwalimu naye aghalabu humwamuru mbele ya wote akapige mswaki. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Yamkini meno hayo yanaeleza masaibu ambayo kijana mwenyewe hajapata wa kumweleza.

Mwaka 1998, Vincent Felitti na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyika San Diego. Waligundua kwamba watu waliopigwa, waliodhulumiwa au waliolelewa katika nyumba zenye vurugu walielekea zaidi kupata maradhi sugu ukubwani, na kadiri aina za mateso zilivyoongezeka ndivyo hatari ilivyozidi. Watafiti waliofuata wameuchunguza uhusiano huo upande wa kinywa pia, na tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba utoto wa mateso huandamana na meno yaliyotoboka au kung'oka.

Njia za uhusiano huo zinaeleweka. Hofu ya muda mrefu huuweka mwili katika tahadhari isiyokwisha, na kinga dhidi ya maradhi ikavurugika. Fizi ni miongoni mwa sehemu zinazoathirika. Mwenye wasiwasi mwingi huweza kusaga meno usingizini hadi yakalika. Aliyekata tamaa huacha kuutunza mwili wake, huku akitafuta liwazo katika vitu vitamu. Tena kuna kiti cha daktari wa meno: kijana hulazwa chali, mtu asiyemjua akamwinamia na kumtia mikono kinywani, wala hawezi kusema. Kwa aliyewahi kudhulumiwa kimwili, hali hiyo huweza kuifufua siku aliyotaka kuisahau. Hukimbia matibabu, nasi tukasema ni mwoga.

Mombasa ina jambo jingine la kuzingatiwa. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka katika kaunti yake, na kabla ya mwezi kwisha Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo. Mjadala ulielemea upande wa kodi na riziki ya wakulima wa Embu. Swali lililostahili nafasi kubwa zaidi ni hili: kijana anayetafuna usiku kucha, huku akiondoa ukali kwa peremende, bigijii na soda, anakimbia nini? Sukari hiyo huozesha meno. Lakini mswaki peke yake hautaliondoa lililompeleka huko.

Wala tusidhani kwamba tunawazungumzia watoto wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa 2019 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliowahoji vijana wa Kenya, ulionyesha kwamba takriban nusu ya wanaume na karibu wanne kati ya kila wanawake kumi walikuwa wamepigwa au kuumizwa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Itakumbukwa kuwa kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001.

Hata hivyo, tusiruke upande wa pili kwa pupa. Si kila jino lililooza ni dalili ya dhuluma. Wengi huumwa na meno kwa sababu ya sukari na uhaba wa matibabu, na umaskini huambatana na mateso kiasi kwamba ni vigumu kuvitenganisha. Watoto wa Bonde la Ufa wenye meno ya kahawia huenda waliyapata kutokana na maji yenye floridi nyingi. Lililo muhimu ni kwamba tuulize kabla ya kuhukumu.

Hapa lugha yetu ina sehemu yake. Methali husema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nayo humtwika lawama mfichaji. Lakini mtoto aliyeonywa kwamba akisema atauawa, au kwamba ataitia familia aibu, hakuchagua kuficha. Neno "kiwewe", ambalo zamani lilitaja hali ya kupumbazika kwa hofu, sasa wataalamu hulitumia kwa jeraha la nafsi linalodumu baada ya tukio. Ni vyema walimu wakalieneza, kwani mtoto aliyepewa jina la maumivu yake huweza kuanza kuyasimulia.

Mambo matatu yanawezekana bila gharama kubwa. Kwanza, mwalimu asimtaje mwanafunzi kuhusu meno au harufu ya kinywa mbele ya wenzake. Amwite kando na amuulize kwa upole hali ya nyumbani. Pili, wahudumu wa afya wanaokagua meno shuleni wafuatane na mwalimu wa ushauri nasaha, nao madaktari wakubaliane na kijana kwamba akiinua mkono watasita. Tatu, kila darasa liandikwe ukutani nambari 116, ya simu ya kuwasaidia watoto. Mwalimu akishapata sababu ya kushuku dhuluma, asiifanye siri ya ofisi ya walimu. Apeleke habari kwa afisa wa watoto siku hiyo hiyo, kwa maana jino hungoja zamu ya daktari, lakini mtoto anayerudi jioni kwa mtesi wake hawezi kungoja.